Matawi Yabaki Shambani

Mashamba ya chai ya Boito hushuka kilima hadi kwenye kijito, kisha hupanda kilima cha pili. Watalii wanaoelekea mbuga ya Mara husimamisha gari, hupiga picha, huenda zao. Hawajui kwamba ule ukijani wote ni kazi ya mgongo.

Shamba la Rodah lilikuwa kando ya barabara hiyo. Mumewe alilipanda miaka ya sitini, wakulima wadogo walipoanza kupata miche ya chai. Kufikia mwaka wa 1995 mume alikuwa amefariki, na chai ilikuwa imerefuka hadi kifuani. Rodah na binti yake Chelimo walichuma wakinyoosha mikono mpaka mabega yakawauma. Majani yenyewe yalikuwa machache na magumu. Dawa ilijulikana: kupogoa, yaani kukata miti ibaki mifupi ili ichipue upya. Rodah hakutaka hata kulisikia neno hilo.

Alikuwa na sababu. Januari ya mwaka huo, jua likiwa kali, alipogoa pembe moja ya shamba kwa panga. Matawi yote aliyabeba nyumbani, akafurahi kwamba kuni za kutosha zimepatikana. Kila mwanamke wa kilima kile angefanya vivyo hivyo. Lakini jua lilivichoma visiki, gome likapasuka, na miti mingi ikafa.

Shemeji yake, Kipkoech, ndugu wa marehemu, alipopaona pale pamekauka, alianza maneno. Chai imezeeka, alisema. Ing'olewe yote, wapande mahindi. Angeleta watu wa kuing'oa mwisho wa Septemba. Ardhi ilikuwa bado kwa jina la baba mkwe, kwa hiyo neno la Kipkoech lilikuwa na uzito. Rodah aliumia sana. Chai ile ndiyo kitu pekee alichoachiwa na mumewe.

Mwezi wa Mei alipita Celine Aoko, ofisa wa kilimo. Kwao ni upande wa Ziwa Victoria, lakini alikuwa amekaa mji jirani wa Kapkatet miaka mingi na watu wa Boito walimhesabu kuwa wao. Rodah alimwonyesha ile pembe kwa aibu. Celine aliinama, akagusa kisiki.

"Mama Chelimo, matawi yalienda wapi?"

"Si nilipeleka jikoni, Madam. Ningewacha yaoze bure?"

Celine hakumcheka. "Ukikata chai, hiyo ni kidonda," alisema. "Matawi ndio bandeji yake. Unafunika nayo kisiki, jua haichomi. Ikichipuka na kushika nguvu, unatandaza matawi chini katikati ya mistari. Hapo yanaoza, yanakuwa mbolea."

Akamweleza na mengine. Akate wakati wa baridi na mawingu, si Januari. Atumie kisu kikali, kwa sababu panga butu hupasua mti. Asikate shamba lote mara moja. Akate sehemu moja mwaka huu, achume kwingine. Rodah aliuliza atapika na nini. Celine alikubali kwamba hilo ni gumu. Walishauriana, wakaona atumie magunzi ya mahindi kwanza, na apande miti ya kuni mpakani, mbali na kijito isije ikamaliza maji yake.

Juni ilipoingia na baridi yake, Rodah alikata sehemu moja. Aliogopa, na mkato wa kwanza ulimtoa machozi. Kisha akafunika kila kisiki. Sehemu ile ilikuwa mbaya kutazama. Hata watalii waligeuza kamera upande wa pili. Majirani walikuja kuomba matawi, akawanyima, wakamwita mchoyo. Alivumilia.

Mwisho wa Septemba Kipkoech alifika na wanaume wawili wenye majembe. Rodah hakubishana naye. Aliinua matawi makavu juu ya kisiki kimoja. Machipukizi yalikuwa yamejaa, mafupi na manene. Kipkoech akainua ya kisiki cha pili mwenyewe, kisha cha tatu, akaendelea hivyo hadi mwisho wa mstari. Aliporudi, aliwaambia wale wanaume waende nyumbani.

Kisha alimgeukia Rodah.

"Hata chai yangu imerefuka," alisema. "Utakuja unionyeshe?"

"Nitakuja, shemeji," Rodah alisema. "Lakini mwambie mke wako mapema, asije na kamba ya kufungia kuni."