Mashine ya Chumba cha Babu

Wifi yangu, fundi cherehani, hana kawaida ya porojo, kwa hiyo naandika kama alivyonieleza. Mwanawe ana pumu, na analala chumba cha marehemu babu yake, mvuta sigara asiyesikia la daktari. Ndiyo maana walinunua mashine ya kusafisha hewa. Ikinusa moshi, huvuma kwa nguvu.

Jioni moja alikuwa akimpelekea mtoto shuka, umeme ukakatika. Mashine haikuzimika. Ilizidi kuvuma, na kifua cha mtoto kikaanza kutoa mluzi.

"Baba watoto, zima hiyo sigara!" wifi alifoka.

"Nizime nini? Mimi niko nje," mumewe akajibu kutoka uani.

Mashine ikanyamaza. Kisha gizani, karibu na mto wa mtoto, kipande cha sigara kikasikika kikisuguliwa taratibu kwenye kisahani cha majivu.