Jini wa Kisanduku cha Manjano

Maziwa ya Barwako yalikataa kuganda. Alikifukiza kibuyu kwa makaa kama alivyofundishwa na mama yake, akatia maziwa, akafunika, akangoja. Yakabaki maji maji, tena yakanuka chuma kilichotoka motoni. Nao nzi, hawa nzi wa Garsen wasio na adabu, waliihama nyumba yake yote. Mumewe, Tadicha, akasema ni baridi iliyoachwa na mafuriko. Baridi gani Garsen, jamani?

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Maji ya El Nino yalikuwa yameila barabara, na kampuni moja ilikuwa imekuja kuijenga upya. Tadicha alikuwa mlinzi wa kambi yao. Siku moja greda lilirudi nyuma likakikanyaga kisanduku cha manjano, kile ambacho mafundi hukiweka chini kupima kama udongo umeshindiliwa vizuri. Kikapasuka. Ndani yake mlikuwa na mionzi, kitu kisichoonekana kinachounguza mtu, na sheria inasema kisanduku kikiharibika serikali iambiwe siku hiyo hiyo. Godhana, fundi wa kipimo hicho, akataka kupiga simu Nairobi. Msimamizi wake, Sadik, akamfukuza kazi pale pale.

"Wakija watatufungia kambi," Sadik alifoka. "Kimevunjika, kimefukiwa, basi!"

Walinzi hawakuambiwa kitu. Mlinzi ni mtu wa kuambiwa fungua geti, funga geti. Kwa hiyo kesho yake Tadicha alipookota matopeni kidude king'aavu, kidogo kama punje ya mahindi, alimshukuru Mungu. Barwako alikuwa mjamzito, na mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika. Kwao chuma humzuia jini asimguse mwenye mimba. Wanawake hulala na kisu chini ya mto. Na chuma kinachong'aa hivi je? Akakishonea ndani ya ngozi ya mbuzi, akamfunga mkewe kiunoni. Kwa mapenzi, maskini ya Mungu.

Haukupita muda, malengelenge yakamtoka kiunoni, na nywele zikawa zinabaki mkononi mwa anayemsuka. Kisha adhuhuri moja, jua likiwa katikati na watu wote wamejibanza vivulini, nguzo za nyumba zikaanza kulia, mikeka ikachanika yenyewe toka juu hadi chini, na Barwako, ambaye asubuhi alishindwa hata kuinua kikombe, akasimama, akamkaba mumewe shingo kwa mkono mmoja, akamwinua mpaka miguu ikaning'inia, akampigiza chini, akamwinua tena, akampigiza tena, damu ikimtoka Tadicha puani na masikioni, huku mdomo wa Barwako umefumba kabisa na sauti nzito ya mwanamume inatoka kiunoni mwake.

"Nilikuwa nimelala, nimefungwa kwa madini ya risasi. Nani amenivunjia mlango?"

Majirani walimvuta Tadicha nje, wakamleta Maalim Swaleh, tabibu wa Kipini aliyewatoa majini wengi. Alifukiza ubani, akasoma, akanyoosha mkono kuigusa ile hirizi. Mkono ukavunjika kaa! kaa! mara mbili, na mzee mzima akarushwa nje kupitia ukutani. Tadicha alimkuta amelala mavumbini.

"Usiiguse," maalim akanong'ona. "Nabii Suleiman aliwafunga majini kwa risasi. Lakini huyu amefungwa na watu wa juzi juzi tu. Ulimtoa wapi?"

"Mimi nilimwokota kambini, maalim. Mimi sikujua."

"Basi huyu si wangu. Ana wenyewe, na kasha lake wanalo. Waambiwe leo hii, la sivyo atamla mkeo na kilichomo tumboni."

Tadicha akaenda kambini mbio, uso umejaa damu. Sadik alimsikiliza, kisha akamtandika rungu la bega. Kosa hilo! Mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe humtishi kwa rungu. Tadicha alimnyang'anya, akamvunja meno ya mbele, akamburuta kwa ukosi wa koti mpaka kituo cha polisi Garsen kwenye simu.

"Ongea!" akasema. "Mke wangu anakufa. Ongea!"

Sadik akaongea na mtaalamu wa serikali Nairobi, damu ikidondoka juu ya simu. Kesho yake mtaalamu huyo akawasili na dereva. Alikuwa mama mmoja mwembamba, Rebecca, mwenye kasha zito la risasi, koleo ndefu, na kipimo cha mionzi kinacholia tik, tik, tik. Karibu na nyumba kile kipimo kikalia mfululizo, na jini akanguruma. Dereva akanyanyuliwa akapigwa kwenye boneti mpaka kioo kikapasuka. Rebecca hakusimama. Alitambaa kwa tumbo chini ya mikeka iliyokuwa ikipaa, akaikata kamba kiunoni mwa Barwako, akaibana hirizi kwa koleo, na mikono yake ikichubuka ngozi mbele ya macho yake akaitumbukiza kashani, akakalia kifuniko. Mngurumo ukakatika.

"Tadicha," Barwako akaita, kwa sauti yake mwenyewe. "Nina kiu."

Tadicha alilia waziwazi, hakuona haya. Akambeba mpaka garini, aende hospitali ya Ngao.

"Mama, na mtoto je?"

Rebecca alimtazama kwa huzuni. "Sijui, baba. Mngeniambia siku ile ile, ningekuwa na la kukujibu."

Akamgeukia Sadik, aliyewafuata kutoka kambini na kusimama mbali akijifuta mdomo. "Na cha pili kiko wapi? Kisanduku kile huwa na vidude viwili."

"Ni kimoja tu! Wallahi, kimoja!"

Rebecca akamwelekezea kipimo. Kikalia mfululizo. Sadik akaushika mfuko wa koti. Alikuwa amekiokota yeye mwenyewe, akakificha humo kusubiri siku ya kukitupa mtoni. Kicheko chembamba cha mwanamke kikatoka mle mfukoni. Mbavu za Sadik zikaanza kuvunjika, mmoja baada ya mwingine, akapiga magoti akiwanyooshea mkono, akilia wamsaidie.

Rebecca alirudi nyuma, amelikumbatia kasha lililojaa.

"Nimeleta kasha moja," akasema. "Kwenye simu uliniambia ni kimoja."