Mzee wa Kitanda cha Mlangoni

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Ulikuja wodini kumjulia hali shangazi yako, ukampita yule mzee wa kitanda cha mlangoni, mikono imefungwa kwenye chuma cha kitanda, nawe ukatoa simu ukaangalia saa. Basi kaa usome alivyokufa.

Jumanne, jua likielekea kuzama, mfagiaji alimkuta Mzee Abdow amelala nyuma ya matangi ya maji, ndani ya ua wa hospitali moja mjini Garissa. Hakuwa na uhai. Zamani alifuga ngamia kule Hadado. Miaka ya mwisho aliishi mjini kwa mwanawe Hirsi, akili ikimponyoka kidogo kidogo, na wodini aliletwa kwa homa ya mapafu.

Sajini Sadiyo Olow wa upelelezi alifika kabla mwili haujaondolewa. Alikuwa amechoka, kazi hii haina siku ya kulala. Aliinama, akaangalia, akapiga picha. Viatu vilikuwa miguuni. Kikoi kilikuwa kikavu na kisafi, kimeviringishwa kiunoni barabara. Mikononi, juu kidogo ya viganja, palikuwa na alama nyekundu, pana, si za kamba.

Abdilatif, muuguzi mkuu wa wodi, kijana wa papa hapa mjini, alieleza kwamba mzee alitoroka mwenyewe baada ya alasiri, kama alivyojaribu kila siku. Kuhusu alama, alisema aulizwe mwanawe. Watu hawa wa ngamia, alisema, huwafunga wazee wao nyumbani. Tena mchana ule ule wodi nzima ilimsikia Hirsi akimfokea baba yake na kusema Mungu amchukue.

Kwanza alihojiwa Liban, bawabu, kwa sababu aliwahi kumchapa mzee fimbo getini. Liban alikiri fimbo ile bila haya. Lakini alasiri yote alikuwa akigombana na madereva wa tuktuk, na madereva wenyewe, ambao hawampendi, walithibitisha.

Basi akakamatwa Hirsi, akalala selo. Kwetu maiti haisubirishwi. Wazee wa ukoo walitaka mazishi kabla ya adhuhuri ya Jumatano, na wa kumwosha baba ni mwanawe. Hirsi hakuulizia wakili. Alichouliza ni nani atakayemwosha baba yake, na asubuhi Sajini alipoingia alikuwa bado anauliza hilo hilo.

"Uliwahi kumfunga?" Sadiyo alimwuliza.

"Mara moja, abaayo, dada yangu. Alitaka kwenda kutafuta ngamia waliokufa kwenye ukame, na malori yanapita mlangoni kwetu. Nilimfunga kwa shali ya mama, nikakaa naye nikilia. Andika hivyo."

"Na jana ukasema Mungu amchukue."

"Nilisema. Nilichoka. Wewe huchoki?"

Sadiyo alimwonyesha picha kwenye simu ili atambue mavazi. Hirsi aliitazama, akarudisha simu.

"Kikoi hicho si chake."

Alieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Tangu mwaka uliopita mikono ya baba ilikuwa haijui tena kufunga kikoi. Alishika ncha mbili akazitazama tu, mpaka aje mtu. Hirsi alipeleka vikoi vyote kwa fundi, vikatiwa mpira kiunoni, ili mzee avute tu. "Hicho kimeviringishwa," alisema. "Nani alimviringishia?"

Sadiyo alirudi hospitalini. Katika pipa la nguo chafu alikuta kikoi chenye mpira, kimelowa, kinanuka mkojo. Godoro la kitanda cha mlangoni lilikuwa limegeuzwa. Upande wa chini ulikuwa bado majimaji. Kwenye chuma cha kitanda palikuwa pamebaki kipande cha bendeji, fundo halijafunguliwa. Akamwita Abdilatif pale pale, wagonjwa wakisikia.

"Nieleze tena alivyotoka."

"Alijifunga kikoi, akavaa viatu, akaenda zake. Nilimwona kwa macho yangu."

"Alijifunga mwenyewe?"

"Mwenyewe. Huu ni ugonjwa wa kusahau, Sajini, si wa kupooza. Kusahau majina ndiyo. Kuvaa nani husahau?"

Sadiyo aliweka kikoi kilicholowa juu ya godoro, akamwambia alichosema Hirsi. Ugonjwa huo huchukua mikono pia. Muuguzi angejua hilo, angedanganya vizuri zaidi.

Abdilatif akaketi kitandani. Hadithi ilimtoka vipande vipande. Tangu mchana mzee aliinuka kila mara, ameshika mbele ya kikoi, akaelekea mlangoni. Abdilatif alimrudisha, mzee akamsukuma. Akamfunga kwa bendeji. Mzee akapiga kelele, akachomwa sindano ya usingizi. Kelele haikuisha, akachomwa nyingine. Kisha Abdilatif akakimbilia wodi ya pili, maana siku ile alikuwa peke yake kwa wodi mbili. Aliporudi mzee amekata roho, amelowa. Akambadilisha kwa kikoi kilichoachwa na mgonjwa mwingine, akamvika viatu. Watu walipokwenda kuswali, akamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi nyuma ya matangi. Mzee wa aina ile akikutwa nje, nani atashangaa?

"Alitaka nini mlangoni?" Sadiyo aliuliza.

"Hawa hutoroka. Ndivyo walivyo."

"Choo cha wodi hii kiko wapi?"

Abdilatif alitazama mlango. "Nje," alisema. Halafu akafunika uso. Kwa sauti ndogo akaongeza kwamba chuoni wazee kama hawa walifundishwa saa moja tu, na walimu walikuwa na haraka.

Walizungumza lugha moja, yeye na mzee. Haikusaidia.

Hirsi aliachiliwa, akamwosha baba yake, akamzika kabla ya adhuhuri. Abdilatif yumo selo. Wakuu wa hospitali waliomwachia wodi mbili peke yake walituma rambirambi. Nakumbuka walituma zingine namna hiyo hiyo, kwa jamaa za mama wa Tarbaj na za mzee wa Hagadera waliofia wodini kama yeye, na hakuna kilichobadilika, maana wewe ulizisoma ukasema maskini.

Sasa inuka. Nenda wodi iliyo karibu nawe, leo. Ukikuta mzee amefungwa, mfungue, mshike mkono, mpeleke chooni. Kisha ingia ofisi ya mkuu, uulize ni nani kati ya wauguzi wake amefundishwa ugonjwa huu, na usitoke mpaka akujibu.