Chaji ya Kurudi Nchi Kavu

"Mvua inakuja. Anua nguo."

Sauti ilikuwa ya Mkuu wa Idara, na maana yake Sindano aliijua kwa moyo: kazi imefutwa, kusanya vitu vyako, ondoka hapo.

Alitazama juu. Jua kali. Wingu hata la kusingizia hakuna.

"Nguo zangu bado mbichi, Mkuu."

"Sindano!"

"Nimekusikia."

"Kusikia siyo kutii."

"Hapo umenena."

Akakata simu.

Casio mkononi ilisema saa tatu na nusu asubuhi. Alikuwa nyuma ya kiwanda cha barafu, ukingoni mwa ziwa ambalo ng'ambo yake huioni hata ukipanda juu ya paa. Chini ya shati, Glock 19. Shingoni, darubini ya Nikon. Begani, mkoba wa mpiga picha za harusi, maana hiyo ndiyo kazi ambayo dunia nzima, pamoja na mdogo wake, ilijua anaifanya. Miaka kumi na moja ya ujasusi, na bado watu humpigia kuuliza bei ya albamu.

Mdogo wake huyo, ofisa wa forodha, alikuwa mahabusu tangu Jumatatu. Alikagua makasha kumi na mawili ya pampu za maji, akayafunga kwa lakiri zenye namba yake, yakapakiwa kwenye tishari, chombo bapa cha mizigo. Ng'ambo ya ziwa yakafunguliwa.

Ndani, bunduki.

Lakiri zina namba ile ile. Saa sita mchana wa leo angewekewa mbele yake karatasi ya kukiri kosa. Akisaini, miaka ishirini. Akikataa, kesi ya uhaini, na huko hatoki mtu.

"Sikuziweka, dada," alimwambia kupitia nondo. "Naapa."

"Unaniapia mimi? Mimi niliyekuogesha?"

Kama bunduki hazikupanda bandarini na zilishuka ng'ambo, basi zilibadilishwa katikati. Na katikati ya ziwa lile hakuna kisiwa, hakuna jiwe, hakuna pa kujificha. Boti ya doria ingeonekana robo saa kabla haijafika. Leo tishari lilikuwa linavuka tena, na mzigo wa pili ambao mdogo wake aliukagua na kuufunga kabla ya kukamatwa. Kulikuwa na njia moja tu ya kuliona bila kuonekana, nayo ilikuwa ndani ya mkoba wake: droni ya kuchezea, ya dukani, gramu mia mbili arobaini na tisa.

Idara ilikuwa na droni yake, pana kama meza ya chakula. Ilizama Jumanne. Mkuu akaandika kwenye ripoti kwamba maadui walivuruga mawimbi. Uongo mtupu! Watu wake waliirusha upepo ukiwa mgongoni, ikaenda raha mustarehe, wakaigeuza imebaki na chaji asilimia thelathini. Upepo ukawa usoni. Ikafia njiani. Tangu hapo Mkuu akapiga marufuku droni yoyote juu ya maji, asije akazamisha ya pili na kuulizwa maswali.

Yaani aibu ya mtu mzima mmoja, halafu mdogo wake ndiye aozee jela?

Thubutu.

Aliweka kisikilizio sikioni. Upande wa pili alikuwa Fundi, mtengeneza simu na droni, ambaye kibanda chake mjini kimejaa maiti za droni zilizoopolewa majini.

"Fundi, niko tayari."

"Hauko tayari. Umesimama wapi?"

"Mlango wa kupakilia barafu."

"Chini pana chuma?"

Sindano alitazama chini. Bamba zima la chuma.

"Toka hapo, dada'ngu. Dira yake itavurugika. Utaiambia kulia, yenyewe iende kumsalimia shangazi yako. Tafuta udongo."

Akasogea hatua thelathini, mpaka kwenye uwanja wa changarawe. Akaiweka droni chini, akasubiri mpaka skrini ya simu aliyoipachika kwenye rimoti ikakubali kwamba hapo ndipo nyumbani.

"Upepo?"

Alirusha nyasi kavu. Zikakimbilia ziwani.

"Unatoka nchi kavu."

Fundi aliguna. "Mbaya. Utaenda kwa kuteleza, utarudi kwa kupanda mlima. Betri ikifika sitini, geuza. Siyo hamsini na tisa. Sitini."

"Macho ya chini nimeyazima."

"Safi. Yale yametengenezwa kusoma ardhi. Maji yanameta, yanacheza, yanayadanganya. Ukiyaacha wazi itajishusha yenyewe mpaka inywe. Sponji za kuelea?"

"Zipo miguuni."

"Namba ya simu umeandika tumboni, ikiokotwa?"

"Fundi, mimi ni jasusi."

"Basi andika yangu. Na vaa jaketi lako la kuelea."

"Mimi sirukii majini."

"Ndivyo wanavyosema wote. Wanaokufa siyo droni. Ni wenye droni, wakiifuata. Na wewe kuogelea hujui."

Hilo Idara nzima haikulijua. Sindano akavaa jaketi bila ubishi.

Akasukuma vijiti vya rimoti. Mapangaboi yakalia. Droni ikapanda mita sitini, ikalitazama ziwa, ikaondoka.

Asilimia tisini na tano.

Themanini na mbili.

Sabini na moja. Kilomita mbili na nusu. Tishari likatokea kwenye skrini, limezimwa injini katikati ya maji matupu. Ubavuni mwake, boti nyeupe ya kasi, injini mbili za Yamaha nyuma.

"Nawaona."

Makasha yalikuwa yanapita kutoka boti kwenda tishari, na mengine kutoka tishari kwenda boti. Mtu wa kofia pana, yule ambaye Idara ilimwita Mgeni na haikuwahi kupata picha yake, alikuwa amekaa juu ya tishari kwenye kiti cha kukunja kama yuko barazani kwake. Anakunywa soda. Mbwa huyu, anakunywa soda!

Sindano alipiga picha. Uso. Makasha. Namba ya boti.

Sitini.

"Geuza," alisema Fundi.

"Bado hawajafunga lakiri."

"Dada, geuza!"

"Bila lakiri watasema ni wao, lakini na mdogo wangu yumo. Nataka mkono ulioifunga."

Hamsini na nane. Hamsini na sita. Mgeni akainuka, akatoa koleo mfukoni, akapiga lakiri kasha la kwanza. Sindano akasogeza kamera mpaka namba ikajaa kwenye skrini.

Namba ya mdogo wake. Mkono wa Mgeni.

Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana vidole vyote vilikuwa kazini.

"Nimemnasa. Narudi. Hamsini na tano."

"Mungu wangu," alisema Fundi.

Kwenye skrini, mtu mmoja wa boti, mwanaume wa kaptula nyekundu, alinyoosha kidole juu. Mgeni akarukia botini, boti ikanguruma, ikaondoka kasi kuifuata droni. Kaptula akainama, akafungua sanduku sakafuni, na droni nyeusi ikapaa kutoka botini.

"Fundi, wana droni. Kubwa. Inakuja kunigonga."

"Ameirusha kutoka wapi?"

"Kwenye boti."

"Boti ikitembea?"

"Inakimbia kabisa."

Fundi akacheka. Hali yenyewe haikuwa ya kucheka, lakini alicheka mpaka akakohoa. "Huyo ni wa kununua leo, kurusha leo. Shuka, dada. Shuka chini, mita mbili juu ya mawimbi, na umvute akufuate."

"Mita mbili?"

"Yako macho imefumba. Inakutegemea wewe. Yake imeyafumbua."

Sindano alishusha. Mawimbi yakajaa kwenye skrini, karibu mno, yanameta hadi macho yanauma. Kidole gumba kikashika kimo kwa ukaidi. Nyuma, droni nyeusi ikashuka nayo, kwa fujo, kwa kiburi.

Halafu ikaanza kulewa.

Ikapanda. Ikashuka. Ikayumba. Macho yake yalikuwa yanatafuta ardhi na yanaona vioo elfu moja vinacheza. Ikagusa wimbi, ikaruka, ikagusa tena. Kwenye boti Kaptula alichanganyikiwa, akafanya kile ambacho kila mwanafunzi hufanya akiogopa: alibonyeza kitufe cha kurudi nyumbani.

Droni nyeusi ikatulia. Ikapanda vizuri. Ikageuka, ikarudi kilomita nzima mpaka mahali iliporushwa, ambapo boti haikuwepo tena. Ikajishusha kistaarabu, taratibu, juu ya maji matupu.

Ikazama.

"Imetua nyumbani," alisema Sindano.

"Salamu zake zimefika. Betri?"

"Thelathini na moja. Bado kilomita moja na nusu."

Fundi hakucheka tena. "Baki chini hapo hapo. Chini upepo hauna nguvu sana. Na usikimbize sana, inakula chaji."

Ishirini na nne. Boti ilikuwa nyuma, inafyatua risasi. Ishirini. Kumi na sita. Rimoti ikaanza kupiga kelele. Sindano alikimbia hadi kwenye gati la kiwanda, mita arobaini za mbao zinazoingia ziwani, akaenda mpaka ubao wa mwisho.

Nyuma yake breki zikalia. Land Cruiser nyeupe. Mkuu akashuka, suti ya kijivu, tai, hasira.

"Nipe hiyo rimoti!"

"Ukiigusa inazama."

"Nimekuamuru—"

"Na mimi nimekataa! Uso wa Mgeni umo kwenye memori kadi ya ile droni. Lakiri ya mdogo wangu imo. Simu yangu imepata picha hafifu tu, mawakili watazitafuna asubuhi na kuzitema jioni. Ikizama ile, mdogo wangu kazama. Unataka kunifukuza, nifukuze baada ya dakika mbili!"

Mkuu alinyoosha mkono aichukue. Akaona boti inakuja. Akaushusha.

Kumi.

Droni ikafika mwisho wa uvumilivu wake, ikaanza kujishusha yenyewe, mita mia moja kutoka gatini. Hivyo ndivyo ilivyoundwa: betri ikiisha, tua ulipo. Kama ulipo ni maji, shauri yako. Sindano akasukuma kijiti juu kwa nguvu zote, akashindana nayo. Inashuka, anaipandisha. Inashuka, anaipandisha.

Mita sitini. Asilimia sita.

"Mkuu, vua koti. Piga magoti pale mwisho. Utaidaka."

"Mimi?"

"Mimi mikono yangu yote imeshikwa. Ishike kwa chini, tumboni. Usiguse mapangaboi. Na ukidondoka, usiniite, sijui kuogelea."

Mkuu wa Idara, mtu wa kufunguliwa mlango wa gari, alipiga magoti kwenye mbao zilizolowa maji ya barafu. Alinyoosha mkono. Risasi ikang'oa kipande cha mbao kando yake. Akalala kifudifudi, mkono bado umenyooshwa.

Mita kumi. Asilimia mbili.

"Kushoto. Kushoto kidogo. Subiri… daka!"

Mkuu akadaka. Akapiga ukelele, maana pangaboi lilimchana kidole, lakini hakuachia. Hilo tumpe haki yake. Hakuachia.

Sindano alishaangusha rimoti. Glock ilikuwa mkononi. Boti ilikuja kasi hadi mita thelathini, ikakata kona ili isigonge gati, na ilipokata kona ikaonyesha mgongo wake: Yamaha mbili, wazi, nyeupe.

Akafyatua. Mara nne.

Injini ya kwanza ikafuka moshi. Ya pili ikakohoa, ikanyamaza. Kaptula akarusha bunduki majini mwenyewe, akainua mikono. Mgeni alibaki amesimama, kofia imeondoka, wakati ule upepo wa nchi kavu ukiwashika na kuwasukuma polepole kurudi katikati ya ziwa.

Mkuu alitoa redio kwa mkono wenye damu.

"Doria moja."

"Doria moja, tunakusikia."

"Boti nyeupe, haina injini, mbele ya kiwanda cha barafu. Ichukueni. Halafu tishari. Makasha yote yasiguswe."

"Imeeleweka. Nani amewaona, Mkuu?"

Mkuu alimtazama Sindano.

"Idara," alisema.

Sindano alikuwa ameshachomoa memori kadi, anaifunga kwenye kitambaa cha kufutia lenzi.

"Utaandika barua ya kujieleza," alisema Mkuu, akijifunga kidole kwa tai.

"Nitaandika. Na ripoti ya Jumanne tuiandike upya pamoja, au kila mtu aandike ya kwake?"

Mkuu akamrushia funguo za Land Cruiser.

Saa sita kasoro dakika nane, Sindano aliingia chumba cha mahojiano bila kubisha. Karatasi ya kukiri ilikuwa mezani. Mdogo wake alikuwa ameishika kalamu, macho yamevimba, na mpelelezi wa zamu alikuwa anamwonyesha kwa kidole pa kusaini.

Mdogo mtu alishtuka. "Dada? Hapa hakuna harusi."

"Weka kalamu chini."

Alichomeka memori kadi kwenye kompyuta ya mpelelezi mwenyewe. Uso. Koleo. Lakiri. Namba. Mpelelezi alitazama mara moja, akatazama mara ya pili, akatoka kupiga simu. Aliporudi alikuwa ameshika hati ya kumwachia huru, na uso umemshuka.

Mdogo wake aliweka kichwa mezani, akalia kwa sauti. Sindano alimwekea mkono shingoni, akaacha alie mpaka amalize.

"Nilikuwa nasaini, dada. Niliona nimeachwa."

"Na nani?"

Mdogo wake akamshika mkono kwa nguvu.

Mpelelezi alisogeza daftari la mapokezi. "Lazima uandike. Aliyeleta kielelezo. Jina, idara, cheo."

Sindano alichukua kalamu. Akaruka nafasi ya jina. Akaruka nafasi ya idara. Kwenye cheo akaandika neno moja, akamrudishia daftari.

Mpelelezi alisoma. "Dada? Hiki siyo cheo."

"Jaribu kumgusa tena," alisema Sindano, "ndipo utajua ni cheo au siyo."

Akamshika mdogo wake mkono, wakatoka nje kwenye jua, bila haraka.