Yai la Bure

Kila asubuhi kabla ya shule, Bosi alimsimamia babu yake mpaka ameze dawa za sukari. Jina hilo alipewa na babu mwenyewe, maana alisimamia bila huruma. Kwa hiyo siku ya kwenda mjini kwa kipimo, mama alimkabidhi mzee huyo rasmi: "Asile kitu mpaka atolewe damu."

Walilala katika hoteli kuukuu katikati ya mji, rahisi kuliko zote, yenye zulia lililochoka na kasino upande wa chini. Watoto hawakuruhusiwa kuvuka kamba nyekundu ya kasino, ila kelele za mashine zilivuka zenyewe hadi chumba cha kulia.

"Kifungua kinywa kimo ndani ya bei," dada wa mapokezi alisema asubuhi.

Babu alisimama wima kama aliyesikia wimbo wa taifa.

"Babu, tunapita tu."

"Tunapita, Bosi. Hebu kaniletee fimbo, nimeisahau juu."

Bosi aliporudi, babu alikuwa ameketi mezani kwa heshima zote, chembe ya kiini cha yai imenasa kwenye masharubu.

"Babu!"

"Shh! Limeshalipiwa, nimwachie nani? Usiniaibishe, mjukuu wangu."

Hospitalini muuguzi aliandaa sindano. "Mzee, umekula chochote leo?"

"Hata maji, mwanangu."

Mwezi uliopita dozi ilimzidi babu, akaanguka jikoni. Bosi ndiye aliyemkuta sakafuni. Kipimo kikidanganya leo kuwa sukari imepanda, dozi itaongezwa tena.

Aliushika mkono wa babu. "Nisamehe, Babu. Dada, amekula yai."

Muuguzi alimgeukia babu.

"Mawili," babu alisema, akitazama viatu vyake. "Na mkate."

Muuguzi aliweka sindano chini. "Basi kesho, mzee."

Kesho yake babu alipita chumba cha kulia amefumba macho na kuziba pua, akiongozwa kama mfungwa. Damu ikatolewa salama. Waliporudi hotelini, alisimama mbele ya ile kamba nyekundu.

"Mle wanacheza kamari na pesa zao, Bosi. Mimi jana nilicheza na uhai wangu, tena nikataka unifichie. Ukimpenda mtu, sema kweli, hata akikununia."

"Ulininunia mpaka jioni."

"Nilichoka kununa." Babu akamshika bega. "Haya, twende. Yai limo ndani ya bei."