Nilijibu "Nzuri" Huku Vidole Vyangu Vikipinda

Nina umri wa miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Nakuru, na kwa miaka tisa sasa naishi Gaithersburg, Marekani, na binti yangu wa pekee, Shiro. Kazi yangu ni kutunza wazee: kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha. Ni kazi ya mikono, ndugu wasomaji... na ni mikono hiyo hiyo ninayoililia leo!

Ugonjwa ulianza kwa vidole kukakamaa asubuhi. Daktari akasema ni baridi yabisi, ile kali inayoharibu viungo. Nilishukuru kwa jambo moja tu: nesi wa kliniki ile alikuwa Mama Ivy, mwenzangu wa maombi, niliyekaa naye benchi moja kanisani. Nani angenijali kuliko yeye?

Kila nilipofika alinipima presha, akaniuliza, "Habari ya mikono, Mama Shiro?" Nami nikajibu kama nilivyolelewa: "Nzuri tu, namshukuru Mungu." Kwetu utaanzaje kulia kabla hujamaliza salamu? Isitoshe, ukweli aliujua. Ni yeye aliyenifunga vifungo vya koti nilipotoka. Nyumbani kwangu alinimenyea viazi huku nikitokwa na machozi.

Daktari aliomba nipewe dawa ya dripu. Bima ikakataa kuilipia. Tukakata rufaa kwao wenyewe, wakakataa tena... eti hali yangu ni nzuri, siihitaji. Nzuri! Hata kijiko kilikuwa kinaniponyoka!

Nilimkimbilia Mama Ivy na barua. Hakuimaliza hata kuisoma. "Usiappeal tena, dada," akaniambia. "Wakideny mara mbili, imeisha hiyo. Tuombe tu."

Tukaomba. Zaidi ya miezi mitatu tuliomba, vidole vikizidi kupinda, mpaka siku moja bibi ninayemtunza nusura aniponyoke bafuni. Nikasimamishwa kazi.

Ni Shiro aliyeisoma barua ile hadi ukurasa wa mwisho. Binti huyu ukimsemesha Kiswahili hukujibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo nilimwelewa neno kwa neno. Nilikuwa na haki ya kupeleka kesi kwa madaktari huru, wasio wa kampuni ya bima, ndani ya miezi minne. Zilibaki siku kumi na moja!

Tukaomba faili langu kliniki. Shiro akanisomea. Ziara baada ya ziara, maneno yale yale: mgonjwa anasema ni mzima, anajivisha mwenyewe, hana malalamiko. Hayo ndiyo bima iliyoyasoma. Na aliyeandika... Mama Ivy! Hata siku alizonifunga vifungo kwa mikono yake!

Nilimpigia simu. Nilimwomba barua moja tu, aseme alichokiona. Akanijibu kwamba mimi mwenyewe nilisema niko sawa. Kisha sauti ikashuka, akakiri: alikuwa akinakili maelezo ya ziara iliyopita ili amalize haraka, na kliniki ikijua, hana kazi. Kumbe ndiyo maana hakutaka niende mbele! Alijua madaktari wa nje wangefungua faili.

Jumapili iliyofuata nikasikia akina mama wakinong'ona kwamba najifanya mgonjwa ili nikae nyumbani. Ni nani aliyewaambia kama si yeye? Nililia kama mtoto.

Nilirudi kwa daktari. Aliponiuliza hali, safari hii niliweka mikono mezani, nikasema yote, hata mambo ya msalani. Akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Aliandika barua mpya, Shiro akaongeza video za asubuhi zangu, tukatuma zikiwa zimebaki siku mbili.

Baada ya wiki kadhaa za kusubiri... tulishinda! Madaktari huru walisema bima ilikosea, na ikabidi ikubali. Dawa imetuliza maumivu, nimerudi kazini nusu siku. Lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia havitanyooka tena. Nywele za Shiro, nilizozisuka tangu akiwa mdogo, sasa zinasukwa na mtu mwingine.

Wenzangu mlio huku ugenini, nawasihi: ukiulizwa hali kliniki, hiyo si salamu! Sema panapouma na uhakikishe pameandikwa. Na barua ya kukataliwa isome mwenyewe hadi mwisho, usimwachie rafiki.

Mama Ivy bado tunakutana kanisani. Juzi alinishika mkono huu uliopinda, mbele ya watu, akatabasamu. "Habari ya mikono, Mama Shiro?"

"Nzuri tu, namshukuru Mungu," nikamjibu nikimtazama machoni. "Andika."