Jini la Mabwana Wawili

Viti vilikuwa vinne. Mjalidi alikuwa na hakika ameweka vitatu.

"Nani kaleta hiki?" aliuliza.

"Usiniangalie mimi," alisema Kinyozi akicheka. Mjalidi hakucheka, alimjua mtu wake kwa mizaha.

Kila Jumamosi alasiri, akishafunga karakana yake ya kushonea vitabu, Bi Mjalidi aliwakaribisha humo watu wawili kwa mchezo wa hadithi. Yeye alisimulia, Kinyozi na shemeji yake Muuguzi, mdogo wa mke wa Kinyozi, walikuwa wachawi ndani ya hadithi, na dadu ziliamua nani afaulu. Siku hiyo walikuwa pangoni na jini la kisimani. Kinyozi alilifunga kwa pete. Muuguzi naye, kimyakimya, alilifunga kwa jina lake la siri.

"Asitoke mtu humu," Kinyozi aliliamuru.

"Fungua mlango tupite," Muuguzi akaliamuru jini lilelile.

Wote wakamgeukia msimulizi. Mtumishi mmoja, mabwana wawili.

"Tupeni dadu," alisema Mjalidi. "Atakayepata nyingi ndiye bwana."

Sita kwa sita. Wakarudia. Mbili kwa mbili. Mjalidi akazipima dadu kiganjani, akamtupia Kinyozi jicho la pembeni, kisha akatoa nyingine kwenye droo yake mwenyewe. Tano kwa tano.

Ndipo ilipokuja harufu ya maji yaliyolala siku nyingi.

"Umemwaga nini?" Muuguzi alimnong'oneza shemeji yake.

"Mimi? Wewe ndiye uliyekaa upande huo."

Mlango wa karakana, ambao Mjalidi aliufunga kwa mkono wake na ufunguo wake alikuwa nao mfukoni, ulifunguka upana wa kidole, ukajifunga, ukafunguka tena, ukajifunga, taratibu kwanza, halafu kwa pupa, kama mtu anayevutwa mikono na watu wawili wasiotaka kumwachia.

"Mmoja wenu aliachie," Mjalidi alisema.

"Aanze yeye! Anamshawishi mke wangu aniache, unadhani sijui?"

"Na wewe unamfungia ndani! Unadhani dada haniambii?"

Kwa kila neno mlango ulibamizwa zaidi, chokaa ikamwagika juu ya vitabu, na kile kiti cha nne, ambacho hapakuwa na mtu wa kukigusa, kikaanza kujiburuta kuelekea mezani, kidogo kidogo, huku sakafu kavu ikibaki na alama za nyayo zilizolowa, hadi Mjalidi akahisi pumzi ya baridi shavuni na kuelewa kwamba wale wawili wangefia mle ndani kabla ya mmoja kumwamini mwenzake.

Akasimama. Kila kiumbe cha hadithi ile kilitoka kinywani mwake.

"Pete imevunjika," alisema. "Jina limesahaulika. Bwana ni mimi, nami nasema, nenda zako."

Vishindo vikakoma. Mlango ukabaki wazi.

Muuguzi alitoka mbio, moja kwa moja hadi kwa dada yake. Jioni ile ile wakaondoka wote wawili na mabegi mawili. Kinyozi alisimama sebuleni akiwatazama. Kusema "asitoke mtu" hakuthubutu.

Mjalidi alidhani yamekwisha. Jumanne asubuhi, mezani, mumewe alionja chai yake.

"Leo umesahau sukari, mke wangu, au umenichoka?"

Miaka yote jibu lake lilikuwa moja, na mume alilipenda.

"Potelea..." alianza, akicheka.

Pumzi ya baridi ikamgusa sikio. Alijiziba kinywa kwa mikono yote miwili, kikombe kikaanguka.

"Sina pa kwenda, bibi," sauti ilinong'ona kwa adabu. "Malizia. Nakusikiliza."

Mumewe alikuwa bado anatabasamu, akingoja neno la pili.